Kidonda Kisicho na Usaha

Kamina, tarehe 9 Februari 2024

Yaya Lucien, kaka yangu,

Priscille yuko hai na anakula. Ninaanza na hilo kwa sababu najua ukiuona mwandiko wangu juu ya bahasha moyo wako utaruka. Anakunywa uji, anagombana na kuku wa jirani, na leo asubuhi ameniita kwa jina kama mtu mzima: "Sephora!" Tumecheka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu inakatika kila nikifika kwenye jambo lenyewe, na kwa sababu nikiisikia sauti yako nitalia, nawe hutaelewa kitu.

Jambo lenyewe ni mguu wake. Wakati wa Noeli alijikwaruza kwenye ukingo wa ndoo, chini ya goti. Mkwaruzo mdogo tu. Mtoto mwingine wa miaka miwili angepona kwa siku nne. Yeye, hii ni wiki ya saba na kidonda kiko wazi. Hakinuki, hakitoi usaha hata tone. Ni chekundu, kikavu, na pembeni kinazidi kula ngozi. Wiki iliyopita homa ilipanda tukalazwa siku sita. Sindano zikaishusha. Walipima damu, wakakuta chembe nyeupe elfu sitini na mbili. Yule wa laboratware alihesabu mara mbili akidhani amekosea. Mimi sijasoma hayo ya darubini uliyosoma wewe, lakini uso wake niliuona.

Daktari alimwita mume wangu Kabange kwenye korido, wakaongea Kifaransa cha haraka. Nilipomuuliza Kabange akasema, "Ni infeksyo tu, mama. Dawa itamaliza." Basi, namwamini. Lakini niliomba kile kioo chenye tone la damu walichokitazama kwenye darubini. Nimekifunga kwa pamba ndani ya kopo la maziwa. Ngoie, yule wa behewa aliyefanya kazi na Baba, atakukabidhi mkononi. Kitazame wewe mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Mama Mbuyu, hayupo siku hizi. Ameenda kumsalimu mdogo wake Kinkondja. Ni hayo tu.

Mdogo wako,
Sephora

*

Kamina, tarehe 10 Februari 2024

Shemeji Lucien,

Ngoie atakupa bahasha mbili. Hii ya pili Sephora haijui.

Kule kwenye korido daktari aliniambia ni kansa ya damu. Alisema chembe elfu sitini haziwezi kuwa kitu kingine, kwamba hapa hakuna dawa yake, na kwamba niwe mwanaume. Nikamjibu "Merci, dokta," kana kwamba amenipa maji ya kunywa. Kazi yangu ni njia ya reli. Nikipiga magoti nikaitazama reli ninajua imepinda wapi. Hili sijui nilitazame kutoka upande gani.

Sijamwambia mke wangu. Unakumbuka tulipomzika mtoto wetu Jessé miaka minne iliyopita, akiwa na miezi kumi. Sephora alimaliza mwaka mzima bila kuimba kanisani. Nikimpa neno hili sasa, sijui atabaki na nini. Kwa hiyo ukikuta kwenye kioo kwamba daktari amesema kweli, niandikie mimi, si yeye. Na kama kuna muda, uniambie ni muda gani.

Kuna jambo jingine nyumbani, la mama yangu. Nimeanza kuliandika mara mbili nikalikata. Nisamehe.

Kabange

*

Lubumbashi, tarehe 21 Februari 2024

Shemeji Kabange,

Si kansa.

Mambo mengine yote utayasoma ukishakaa chini. Nilikitazama kioo asubuhi, nikaenda kunywa chai, nikarudi kukitazama tena. Chembe za kansa ya damu huwa changa, hazijakomaa, zinatoka kwenye uboho kabla ya wakati wake. Hizi za Priscille zimekomaa zote, nzima, nzuri, za kupigana na vijidudu. Ni nyingi mno, basi. Damu imejaa askari, na mguuni hakuna aliyefika kupigana. Hilo ndilo sikulielewa.

Nilikipeleka kwa Daktari Wenceslas, daktari wa watoto aliyerudi kutoka masomoni mwaka jana. Alikitazama, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kitovu ya huyu mutoto ilianguka siku ya ngapi?"

Nikasema sijui.

"Kidonda iko na usaha?"

Nikasema dada yangu ameandika hakuna hata tone.

Akaweka kalamu mezani. "Kuko mutoto mwingine alikufaka mbele yake?"

Kabange, sikumtajia Jessé hata kidogo. Aliuliza mwenyewe.

Anataka Sephora aandike kila kitu: vitovu, masikio, meno, vifua, vya watoto wote wawili. Nani alikuwa anawalea, nani alikuwa anawaosha. Mwambie mkeo ukweli sasa. Neno lenyewe tumeshalivuka. Na lile la mama yako liandikeni pia, kwa sababu hapa tunatafuta tukiwa gizani na kila kitu kinaweza kusaidia.

Lucien

*

Kamina, tarehe 3 Machi 2024

Yaya,

Barua uliyomwandikia Kabange nimeisoma. Hakunipa. Aliisahau ndani ya koti la kazi, nami ninafua Jumamosi. Nilijua kwamba mwanangu alikuwa na kansa, na kwamba hana, katika mstari mmoja. Nilikaa chini uani na koti lililolowa mapajani, nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha hasira zikaja.

Kabange aliporudi nilimwonyesha karatasi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ulipanga kuniambia siku gani?"

"Ile siku ningeweza kuisema bila kuanguka," akasema.

Nimemsamehe. Si siku hiyo. Kesho yake, mchana. Wewe nakusamehe leo.

Sasa majibu ya daktari. Kitovu cha Priscille kilianguka siku ya thelathini na sita. Nina uhakika kwa sababu nilikuwa ninaandika nyuma ya kadi ya kliniki. Cha Jessé kilipita siku arobaini, na pembeni palivimba pakawa pekundu. Usaha sijauona kwa yeyote kati yao, hata masikio yalipouma, hata pale Jessé alipotoka jipu shingoni. Lilikuwa gumu tu kama jiwe. Wakaja kulipasua, ndani hamkuwa na kitu. Fizi za Priscille zinatoka damu tangu meno yalipoanza. Jessé alikufa kwa kifua. Unajua.

Waliowaosha: Mama Mbuyu. Wote wawili, tangu siku ya kwanza. Maji aliyachemsha mwenyewe, kitovu alikisafisha mwenyewe, mikono yake akiisugua kwa sabuni mpaka viwiko.

Yaya, hakwenda kumsalimu mtu.

Mwezi wa kwanza walikuja watu wa kikundi cha maombi kuuombea mguu. Niliwaita mimi. Padri alikuwa amesema twende lopitali na tusali, vyote viwili, lakini mimi nilitaka mtu aniambie sababu. Yule mwanamke anayeona maono alifumba macho, akasema, "Kuko muntu mu hii nyumba anafunga mutoto. Muntu mukubwa. Anamushikaka. Anamuosha."

Hakutaja jina. Mama Mbuyu alikuwa amesimama hapo na beseni mkononi, na Priscille kiunoni. Watu wote wakageuka.

Sikusema neno lile baya, la uchawi. Nilimchukua mtoto kutoka kiunoni kwake, nikasema, "Mama, kuanzia leo minyi njo nitamuosha." Nililisema kwa adabu. Labda hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Hakulia, hakukana. Kesho yake akakunja vitambaa vyake. Kabange akambebea mfuko mpaka gare ya treni bila kufungua mdomo, naye Mama akaniambia kitu kimoja tu: "Mumulinde mutoto na baridi."

Sasa ni wiki saba tangu aondoke, na kidonda hakijafunga hata upana wa ukucha. Nilianza kuhesabu siku tangu wiki ya kwanza. Niliogopa kusema nilichokuwa ninakihesabu.

Mwambie daktari. Mimi usinijibu chochote kuhusu hili mpaka mjue.

Sephora

*

Lubumbashi, tarehe 12 Machi 2024

Mdogo wangu,

Sikujibu, kama ulivyoomba. Lakini nilimsomea Daktari Wenceslas barua yako, na nilipofika kwenye jipu lisilokuwa na kitu ndani akasema, "Basi, tupime."

Nitakueleza anachodhani, kwa sababu ukikielewa utaweza kumlinda mtoto hata nisipokuwepo.

Chembe nyeupe zinakimbia ndani ya mishipa pamoja na damu, kwa kasi. Mahali palipoumia, nyama inaita, na ukuta wa mshipa hapo unatoa vikono vidogo vya kunasia. Vinaitwa selektini. Vinaigusa chembe inayopita, vinaipunguza mwendo, nayo inaanza kubingirika juu ya ukuta badala ya kuruka na damu. Lakini selektini haziwezi kuisimamisha. Ili isimame, chembe inatumia vishikio vyake yenyewe, vinavyoitwa integrini. Vinapoitwa vinanyooka, vinang'ang'ania ukuta, chembe inasimama, inajibana katikati ya matofali ya ukuta, inatoka nje, inafika kwenye kidonda na kula vijidudu. Zile zinazofia hapo ndizo zinazofanya usaha. Sisi tunauchukia usaha, kumbe ni mabaki ya waliopigana.

Wewe ni mtoto wa Baba, utalielewa hivi: treni inapunguza mwendo ikiingia gare, lakini breki za mwisho hazipo. Askari waliomo wanaiona gare, wanaona watu wanaowapungia mikono, na inawapitisha. Inazunguka, inarudi, inawapitisha tena. Mwili unaona kidonda hakijapata msaada, unatuma wengine, na wengine. Ndiyo maana elfu sitini na mbili. Na ndiyo maana kidonda kikavu. Hata kitovu kinahitaji hizo chembe ili kianguke kwa wakati.

Daktari anadhani Priscille ana integrini chache. Kama hana kabisa, sitakudanganya, ni vibaya sana. Kama anazo kidogo, kuna njia. Hapa kuna mashine inayohesabu chembe za wagonjwa wa virusi vya ukimwi, na mwenzake mmoja huko alikosoma amemtumia rangi inayonata kwenye integrini na kung'aa. Kwa hiyo tutaziona.

Tunahitaji mirija mitatu ya damu: ya Priscille, yako, na ya Kabange. Ichukuliwe asubuhi ya siku ya ndege na ifike siku hiyohiyo. Watataka kuiweka kwenye barafu; usikubali. Baridi itaharibu kipimo. Ifungwe kwenye taulo, isitikiswe.

Na kwa sasa, kila siku ile dawa ya maji niliyompa Ngoie, kijiko kimoja asubuhi. Fizi zisuguliwe kwa kitambaa safi. Homa ikipanda, lopitali siku hiyohiyo, bila kungoja mtu wa kuomba wala mtu wa kushauri.

Yaya wako,
Lucien

*

Kamina, tarehe 21 Machi 2024

Shemeji Lucien,

Mirija mitatu iko ndani ya taulo, na taulo liko mikononi mwa sista anayesafiri na ndege hii. Muuguzi alileta barafu kweli. Sephora alisimama mbele ya sanduku kama polisi. "Dokta wa Lubumbashi alikataza," akasema. Muuguzi akauliza dokta gani, akajibu, "Yaya yangu." Nikaona ajabu, hata huyo muuguzi alicheka na barafu ikarudi.

Mimi niligeuza uso wakati wa sindano. Priscille alinitazama akasema, "Papa, usilie."

Nina ombi moja. Kama mashine itaonyesha kwamba ugonjwa umetoka upande wangu, upande wa mama yangu, niandikie mimi peke yangu. Watu wa huku hawatasikia neno "damu" kama unavyolisikia wewe. Watasema, tuliwaambia.

Kabange

*

Lubumbashi, tarehe 27 Machi 2024

Kabange na Sephora,

Barua hii ni ya wote wawili na muisome pamoja. Kabange, uliniomba nikuandikie peke yako. Nilikubali kuficha mara ya kwanza na matokeo yake yalipatikana ndani ya koti lililolowa. Sitarudia.

Priscille atakua.

Mashine ilimaliza saa nane mchana. Daktari Wenceslas alinivuta kwa mkono wa koti niione skrini. Kwa mtu wa kawaida, integrini tunazihesabu mia. Kwa Priscille ni kumi na moja. Kumi na moja ni kidogo, ndiyo maana vidonda vyake vinachelewa kupona, lakini si sifuri. Chembe zake chache zinasimama, zinatoka, zinafika. Daktari amesoma habari za watu wa namna hii waliofika utu uzima, waliosoma, waliooa. Alipoiona hiyo tarakimu alipiga meza kwa kiganja akasema, "Kumi na moja! Na hii tunaweza kufanya kazi." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jenereta, kwa sababu hapo kelele ni nyingi na mtu anaweza kulia bila kusumbua.

Ataishi kwa uangalifu. Dawa kila siku, kwa miaka. Meno na fizi kila siku. Kila mkwaruzo uoshwe na kutazamwa. Chanjo zote. Vidonda vyake vitapona polepole na makovu yake yatakuwa membamba kama karatasi. Uponyaji kamili upo, ni kupandikizwa uboho wa mtu anayelingana naye, na hilo linafanyika nje ya nchi. Daktari ameshaandika barua ya kuuliza. Sitawaahidi ambacho sijakiona. Mkipata mtoto mwingine, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa hivi. Siku kitovu chake kitakapochelewa, mtajua la kufanya, na mtajua mapema. Kwa Jessé hakuna aliyejua. Wala nyinyi, wala mimi niliyekuwa tayari nimevaa koti jeupe.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Ya Kabange: arobaini na nane. Ya Sephora: hamsini na mbili. Kila mmoja wenu anabeba nusu, na nusu inatosha kuishi bila kujua chochote mpaka uzeeni. Nusu mbili zilikutana ndani ya Jessé, zikakutana tena ndani ya Priscille. Haikutoka upande mmoja. Isingeweza.

Na hili sikulipanga. Ili kulinganisha tuliweka pia damu ya mwanafunzi mmoja na yangu mimi. Ya mwanafunzi ilikuwa mia. Yangu, hamsini na moja. Kwa hiyo, mdogo wangu, ilitufikia sisi wawili kutoka kwa Baba au kutoka kwa Mama, na hao hawakumfunga mtoto wa mtu. Ni herufi moja iliyokosewa zamani sana katika maandishi ya mwili tunayorithishana, mtu akainakili, mwingine akainakili.

Hakuna aliyefanya hivi. Uliniambia nisikujibu mpaka nijue. Sasa najua.

Lucien

*

Kamina, tarehe 14 Aprili 2024

Mama Mbuyu,

Ni mimi, Sephora, mke wa mwanao. Mputu, mtoto wa mdogo wako, akusomee polepole.

Karatasi hii ni ya tano. Zile nne nilianza na salamu ndefu, nikaona ninajificha nyuma ya salamu.

Priscille ana ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Yaya Lucien ameuona kwenye mashine. Chembe zinazoponya vidonda zinapita mahali palipoumia bila kusimama, kwa kuwa hazina vishikio vya kutosha: penye mia, yeye ana kumi na moja. Jessé alikuwa nao pia. Nusu imetoka kwa Kabange na nusu imetoka kwangu, mwenye hamsini na mbili. Mimi, Mama. Siku ile nilimtoa mtoto mikononi mwako ili nimlinde, na kitu chenyewe kilikuwa ndani ya mikono yangu iliyompokea. Hakuna mtu aliyemfunga. Daktari alisema neno jingine pia, nami ninalileta kwako kama lilivyo: kwamba mtoto mwenye kitovu cha namna ile anakufa mara nyingi kabla ya mwezi wa pili, na kwamba wa kwetu alivuka kwa sababu kuna mtu alikuwa anachemsha maji na kusugua mikono.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa kikundi cha maombi. Sikwenda kugombana. Nilisimama nikaeleza yote, vipimo na tarakimu. Yule mwanamke wa maono akasema roho zinaweza kutumia hata damu. Nikamwambia, "Basi zimetumia yangu. Mbona hukuniangalia minyi?" Wanawake watatu walitoka nami. Mmoja aliniuliza njiani kama dawa ya kila siku ni chungu.

Kidonda kinafunga. Kila asubuhi ninapima kwa kijiti cha kiberiti. Jana kidonda kilikuwa kifupi kuliko nusu ya kijiti.

Sikuombi usahau. Niliifanya kwa sauti ya adabu, mbele ya watu, na sitasema nilidanganywa, kwa sababu niliwaita mimi. Ninaomba musamaha. Nyumba ni yako, chumba chako hakuna aliyelala humo. Ukikataa kurudi nitaelewa, nitamleta Priscille kwako wakati wa kiangazi, akuone.

Kabange anataka kuandika hapa chini.

Mama, nilibeba mfuko wako sikusema kitu. Nilikuwa na mdomo. Mwanao, Kabange.

*

Kinkondja, tarehe 2 Mei 2024

Mwanangu Sephora, na Kabange mwana wa tumbo yangu,

Minyi Mbuyu njo niko nasema. Mputu iko naandika. Nimemwambia asitengeneze maneno yangu.

Barua yenu ilifika na mtumbwi wa samaki, ilinuka samaki, lakini maneno yote yalionekana. Mputu aliisoma mara moja. Nikamwambia anza tena. Mara ya tatu bantu ba jirani bakasimama pa mulango, nikasema, soma na sauti ya nguvu, basikie.

Sephora, ile musamaha nimeipokea. Imeisha. Na weye Kabange, imeisha.

Sasa nitawaambia kitu sikuambiaka muntu. Munazani niliondoka na hasira. Hapana. Ile siku yule mwanamuke alisema muntu mukubwa, anamushika, anamuosha, minyi vilevile nilimwamini. Nilitazama mikono yangu mu maji ya beseni. Nilisema mu roho: pengine njo minyi. Banasemaka muntu anaweza kuwa nayo bila kujua, inatoka mu usingizi, inaenda kufanya kazi yake, asubuhi muntu anaamuka anapika chai. Nilikumbuka Jessé, na yeye minyi njo nilimuoshaka. Njo maana sikukataa. Muntu anakataa kitu anajua. Nilikimbia juu ya mutoto, ili nikuwe mbali naye.

Huku sikushika mutoto mumoja. Mputu alizaa mu mwezi wa pili, akanipa nimupokee, nikasema mugongo unaniuma. Alizani niko na kiburi. Kila siku nilikuwa nangojea habari ya Priscille. Kama angepona nyuma ya minyi kuondoka, ingekuwa furaha na ingekuwa mwisho yangu. Siku Ngoie alituma neno kama kidonda kiko vilevile, hakijapona, nililia, na ndani kabisa kitu kidogo kilifurahi, kiisha nikasikia haya juu ya kufurahi.

Hii vitu vya mashine sivijui. Kumi na moja, hamsini na mbili, sivijui. Lakini nimeelewa kimoja: haikuwa minyi. Mara ya tatu Mputu alimaliza kusoma, nikamwambia leta ule mutoto yako. Nikamushika mpaka akalowesha kitambaa yangu. Bantu bakacheka, na minyi nikacheka. Tangu ile siku niko nalala muzuri.

Munasema dawa ni kila siku. Muntu wa kumupatia kijiko asubuhi weye ukiwa sokoni, na Kabange mu njia ya reli, munaye? Muniambie...

Hapa ninaandika mimi, Mputu. Mama Mbuyu alisema tutamalizia kesho, kwa sababu mwanangu alikuwa analia. Lakini kesho yake asubuhi boti ya Bukama ilipita. Alikuwa pwani anaosha masufuria. Aliyaacha hapohapo mchangani, akaja mbio kuchukua mfuko, akapanda, na sisi tukabaki tunampungia. Atashika treni Bukama. Karatasi hii niliikuta mezani na peni juu yake. Ninaituma hivyo hivyo, bila mwisho, na mtu wa mtumbwi anayeenda taratibu kwa kuwa anauza njiani. Kwa hiyo mkiisoma, atakuwa ameshafika kwenu siku nyingi. Yaliyobaki mumuulize mwenyewe.